Mada ya Meno

Mjukuu wangu wa kwanza alichagua mada ya utafiti wake wiki ya pili tangu aanze kidato cha tano. Kabla muhula haujaisha hakuwa nayo tena, na aliyemkosesha ni mimi. Naieleza habari hii kwa sababu watu wa nyumbani wanaijua vipandevipande, kila mmoja kipande chake, na mimi ndiye niliyekuwepo mwanzo hadi mwisho.

Shule anayosoma iko mjini Arusha, ni ya kutwa. Kila anayeingia kidato cha tano hutakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe na kuumaliza akiwa kidato cha sita. Anachagua mada, anapewa mwalimu wa kumsimamia, likizo anakwenda kuuliza watu na kupima vitu, kisha anaandika. Mwisho kabisa kuna siku ya maonyesho, kila mmoja na meza yake, wazazi wanapita wanasoma. Mada huandikwa kwenye ubao ulio nje ya ofisi ya walimu. Wanafunzi wawili hawaruhusiwi kuwa na mada moja, na anayewahi ndiye anayechukua. Wengi husubiri wiki ya mwisho, wakaishia kuandika juu ya ukataji miti kama walivyoandika waliowatangulia.

Yeye aliwahi. Jumamosi ile alipanda kuja kijijini kwetu Oldonyo Sambu, akaniinamishia kichwa nikamgusa, akamsalimia bibi yake, na kabla hajakaa akasema:

“Babu, nimeshachagua.”

“Umechagua nini? Mchumba?”

“Babu bwana! Mada. Darasa zima mimi peke yangu ndiye nimeandika ubaoni.”

“Haya, tuambie.”

“Meno.”

Nilidhani anatania. Akaeleza. Alitaka kujua kwa nini meno ya watu wa upande wetu huu wa mlima yana rangi ya kahawia. Hilo, alisema, kila mtu anajua ni maji, yana madini ya floraidi yanayoshika jino likiwa bado linaumbika ndani ya ufizi. Lakini wapo watoto waliozaliwa mjini, wanaokunywa maji ya bomba la mjini, nao wanaota meno hayo hayo. Alikuwa ameuliza walimu wawili, na hakuna aliyemjibu.

“Na utamuuliza nani?”

“Wazee wa huku. Nitapita nyumba kwa nyumba, niangalie meno, niulize wamekunywa maji gani na wamekula nini. Ndiyo maana nimekuja mapema hivi, babu. Naomba unitangulie.”

Kutangulia ni jambo zito kwetu. Msichana haingii tu kwenye boma la watu akawauliza wazee habari za miili yao. Mzee wa ukoo wake huenda kwanza, akakaa, akanywa chai au maziwa atakayopewa, akasema mtoto wangu atakuja na shida yake ni hii. Bila hivyo atapokelewa vizuri, ataulizwa habari za shule na za mvua, kisha atasindikizwa hadi njiani bila kuambiwa lolote. Kwa hiyo utafiti wake wote ulikuwa unanisubiri mimi niinuke kwenye kiti.

Mimi nimezaliwa hapa. Meno yangu ni ya kahawia tangu yalipoota, na mawili ya mbele yamemegeka kwenye ncha. Hapa nyumbani hakuna anayeyatazama, maana kila mtu anayo. Niliyajua kuwa ni kitu nilipomaliza kidato cha nne na kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya maua upande wa Usa River. Meneja aliyenihoji aliniuliza kama natafuna tumbaku. Nikasema sijawahi. Akasema basi nipige mswaki. Kazi nilipata, nikawa karani wa stoo mpaka nilipostaafu, lakini tangu siku ile nilianza kucheka nikiwa nimeweka mkono mdomoni. Picha yangu ya harusi nimefumba mdomo kama mtu aliye msibani. Mke wangu, ambaye meno yake ni kama yangu, kwenye picha ile ile amecheka mpaka ufizi unaonekana.

Mjukuu wangu hakuyajua haya, na mimi sikumwambia. Nilimwambia mengine.

“Hiyo si mada ya kupeleka shuleni.”

“Kwa nini, babu?”

“Unataka kuwachekesha watoto wa matajiri? Watasema Waarusha meno yao yameoza.”

“Hayajaoza. Ndicho ninachotaka kuandika, kwamba hayajaoza.”

“Mada nzuri ni yenye ajira ndani yake. Andika habari za utalii. Mji mzima unakula kwa utalii. Kaulize wauza vinyago, hao wanapenda kuongea.”

“Babu, vinyago vimeandikwa na kila mtu.”

“Usiharakishe. Muhula bado mrefu.”

“Mwalimu anasema tuwahi.”

“Mwalimu wako ana umri gani?”

Bibi yake alicheka. Yeye Kiswahili anakisikia vizuri lakini hujibu Kimaasai, na alichojibu ni kwamba mtoto aje achungulie mdomoni mwake hata sasa hivi, kama mimi naona aibu. Nikamwambia asubiri, nitafikiria.

Nieleze na hili. Kwetu mzee akisema atafikiria, mara nyingi ameshakataa. Lakini kwa kuwa hajakataa kwa maneno, kijana hawezi kwenda kwa mzee mwingine, maana huko ni kumruka babu yake. Anabaki anangoja. Ningemkatalia wazi siku ile, angeweza kumwomba kaka yangu mdogo anayeishi ng’ambo ya korongo, na ingekuwa halali kabisa. Nililijua hilo niliposema nitafikiria. Yeye naye alilijua. Aliitika, akaenda kumsaidia bibi yake kukamua.

Akawa ananipigia simu Jumapili baada ya ibada.

“Shikamoo babu. Umefikiria?”

“Marahaba. Mahindi bado yako shambani.”

Safari nyingine nilimwambia ng’ombe anakaribia kuzaa. Ng’ombe alizaa. Nikamwambia nina mafua. Hakuna hata kimoja kilichokuwa uongo, na hakuna hata kimoja kilichonizuia kutembea hadi nyumba ya jirani. Baadaye hakuuliza tena, alinisalimia tu na kuomba azungumze na bibi.

Muhula ulipokaribia kwisha alinipigia siku ya kazi, akasema amebadilisha. Alifuta mada ya meno, akaandika ya wauza vinyago na watalii. Nikamwambia, hapo sawa. Nilisema hivyo kwa furaha, na nilimaanisha. Nilidhani nimemwokoa. Akasema, asante babu, akakata simu. Mchana huo huo, nilikuja kujua baadaye, mwanafunzi mwingine aliiona mada ya meno haina mwenyewe, akaichukua.

Binti yangu, mama wa huyu mwanafunzi, anaishi Ngarenaro, pale pale mjini. Mumewe ni mtu wa Machame, anauza vipuri vya pikipiki, na nyumba yao iko nyuma ya duka. Kila nikishuka mjini hubeba mfuko wa nyumbani: maharage, mahindi ya kukoboa, maziwa mgando, na kifurushi cha magadi ambayo mke wangu hununua kwa akina mama wanaoyaleta kutoka tambarare. Binti yangu hapiki maharage bila magadi. Yanaiva upesi, yanakuwa laini, na yana ladha aliyokulia. Desemba ile nilikwenda kama kawaida, nikashusha mfuko jikoni, nikaketi.

Mjukuu wangu mdogo, mdogo wake huyu wa kidato cha tano, alikuwa amefikia umri wa kung’oka meno ya utoto na kuota mengine. Alikuja kunisalimia. Nikamtania, nikamwambia panya wamemwibia meno, akacheka, na alipocheka akaweka mkono mdomoni.

Kwetu binti hamkaripii baba yake. Binti yangu alimkaripia mtoto, na mimi nikisikia.

“Toa mkono mdomoni. Nani kakufundisha hivyo?”

“Babu hufanya hivi.”

“Babu ana lake. Wewe toa mkono.”

Mtoto akatoa. Meno mapya ya chini, na ya juu yaliyotoka nusu, yana madoa ya kahawia ambayo dada yake hana.

“Dada yako alitaka kukutafutia jibu la hayo meno,” binti yangu aliendelea kumwambia mtoto, huku anachambua mchele. “Sasa anaandika habari za vinyago. Vinyago navyo vina meno?”

Mtoto akanitazama mimi.

Mkwe wangu aliingia akitokea dukani, mikono ina grisi, akajaribu kupoza. “Mzee, mimi nilipooa huko kwenu nilijisifu kwetu kwamba nimepata mke asiyecheka ovyo. Kumbe ni mambo ya maji!” Akacheka peke yake. Binti yangu hakuinua kichwa.

Nikasema, “Hakuniambia kwamba ni kwa ajili ya huyu mdogo.”

“Alikuambia ni watoto wa mjini, baba,” alisema binti yangu, sasa akisema na mimi. “Ulimuuliza watoto gani?”

Sikuwa nimemuuliza.

Jumatatu nilikwenda shuleni. Mwalimu wa jiografia, anayesimamia tafiti hizo, ni mwanamke kijana, aliniamkia, akanipa kiti, akasikiliza hadi mwisho. Nilimwambia mimi ndiye babu, mada ya kwanza ilikuwa nzuri, mtoto airudie. Akatikisa kichwa.

“Imeshachukuliwa, mzee. Aliyeichukua ameshapewa msimamizi na ameanza kusoma.”

“Hawezi kuiacha?”

“Tumwambie aiache kwa sababu gani?”

Akasema kwa upole, na upole wenyewe sikuupenda: “Tunawahimiza wachague mapema ili mtu akikwama awe na nafasi ya kutafuta njia nyingine. Mjukuu wako alichagua kabla ya wenzake wote. Lakini ile nafasi yote aliitumia kusubiri.”

“Kumsubiri nani?”

“Hakusema. Alisema kuna ruhusa ya nyumbani haijatoka, na kwamba si vizuri kuisukuma.”

Kumbe hakunitaja. Nilimshukuru mwalimu, nikatoka. Ubao ule uko pale pale kwenye korido, sikuweza kuukwepa. Wakati huo ulikuwa umejaa. Ukataji miti ulikuwepo, taka za sokoni zipo, bodaboda zipo. Mada ya meno ilikuwa juu kabisa, kwa mwandiko wa mtu mwingine.

Nilitegemea mjukuu wangu atakasirika, na ningejua la kufanya na hasira. Hakukasirika. Likizo ile alikwenda kwenye maduka ya vinyago, akauliza maswali yake, akaandika. Nilimuuliza anaendeleaje, akasema vizuri. Nilimuuliza wauza vinyago wamesema nini, akasema wanasema biashara ni ngumu. Mazungumzo yetu kuhusu utafiti yaliishia hapo kwa muda mrefu.

Likizo ndefu ya kati ya mwaka alinipigia simu mwenyewe.

“Babu, kuna mwenzangu anataka kuja huko. Yule wa meno. Hajui mtu hata mmoja, na lugha hajui. Nitakuja naye nimtafsirie. Utamtangulia?”

“Nitamtangulia.”

“Hutafikiria?”

“Sitafikiria.”

Akacheka kidogo. Nilistahili.

Yule mwenzake alikuwa msichana mrefu, mchangamfu, wazazi wake ni wafanyabiashara waliotoka Kilimanjaro. Meno yake meupe kama maziwa, na alicheka wazi kila mara, bila habari kwamba kucheka ni kitu cha kufikiriwa. Siku moja kabla hawajafika nilizunguka maboma, nikanywa chai kila mahali mpaka tumbo likajaa, nikasema ninachotakiwa kusema. Walipofika tukaenda.

Boma la kwanza ni la mzee wa rika langu, tuliyetahiriwa pamoja. Alituona tunaingia, akaanza kabla hatujaketi.

“Umeniletea mtoto wa Kichaga anihesabu meno kama ng’ombe wa mnada?”

“Fungua mdomo, acha maneno.”

“Anataka kununua? Mwambie huyu ng’ombe ni mzee, lakini bado anakula sana.”

Mjukuu wangu akatafsiri yote, hata pale ambapo angeweza kuruka. Msichana akacheka, akamwambia hawezi kumudu bei yake. Mzee akafurahi, akafungua mdomo, akageuza kichwa upande wa jua ili aonekane vizuri, akataja visima na chemchemi zote alizowahi kunywa tangu utoto. Kila nyumba ilikuwa hivyo. Hakuna aliyeona aibu. Wanawake waliwaita watoto wao, watoto wakapanga mstari wakijipanua midomo kwa vidole. Nilitembea mbele yao nikiona jinsi kazi ile ilivyokuwa rahisi, na kwamba ilikuwa rahisi vile vile mwaka uliopita.

Kwetu ilikuwa nyumba ya mwisho. Nikaketi kwenye kiti changu, nikafungua mdomo. Msichana aliinama akaangalia, akapiga picha, akaandika. Mjukuu wangu ndiye aliyeshika tochi ya simu. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kuyaona meno yangu yote. Mwanga wa tochi haukutikisika.

Kisha wakaingia jikoni kwa bibi kuuliza habari za chakula, nami nikasimama mlangoni. Msichana aliuliza kwa Kiswahili, mke wangu akajibu Kimaasai, mjukuu wangu akatafsiri. Makande yanapikwaje? Mahindi kwanza, maharage yanafuata. Anatia nini? Chumvi, kitunguu kama kipo, na magadi. Msichana akauliza magadi ya nini. Mke wangu akamshangaa, akachukua kopo lake juu ya rafu, akamwonyesha.

“Mwambie bila haya kuni zingekwisha mlimani,” alisema. “Na makande yasiyo na magadi ni ya hospitali.”

Msichana alionja kidogo kwa ncha ya kidole, akakunja uso. Akauliza katika nyumba hii wanaokula chakula cha magadi ni nani na nani.

Mke wangu alijibu kwa majivuno. Alisema wote. Na si wa hapa tu, hata wa Ngarenaro, maana binti yake hawezi maharage ya mjini, kwa hiyo babu huwapelekea magadi kila akishuka, hajawahi kusahau. Na dada mtu alikuzwa kwa uji, lakini yule mdogo alipoanza kula vyakula vya kuponda, magadi ya kulainishia maharage yake yalitoka kwenye kopo hili hili.

Mjukuu wangu alinyamaza.

“Amesema nini?” akauliza mwenzake.

Tulikuwa wanne pale jikoni, na watatu tulikuwa tumeshaelewa maneno. Angeweza kusema, amesema ni wote wa hapa nyumbani. Lisingeonekana pengo lolote. Alimtazama bibi yake, akanitazama na mimi, si kwa muda mrefu, kisha akatafsiri kila kitu kwa mpangilio: Ngarenaro, maharage, babu huwapelekea, hajawahi kusahau, na chakula cha mdogo wake. Mwenzake aliandika haraka, kisha akaacha kuandika, akainua uso.

“Huyu mdogo wako ndiye yule mwenye madoa…?”

“Ndiye. Andika.”

Mimi nilitoka nikaenda kwa ng’ombe. Hawakuwa na shida yoyote.

Walichukua magadi kidogo kwenye mfuko wa plastiki, na chupa ya maji ya kwetu, na baadaye chupa ya maji ya bomba la Ngarenaro. Mwalimu wao aliwasaidia kuvipeleka maabara. Majibu yalipotoka mjukuu wangu alinipigia, kwa sababu alisema ni haki yangu kujua kabla ya watu. Maji ya kwetu yalikuwa kama tulivyojua. Maji ya Ngarenaro hayakuwa na tatizo. Magadi yalikuwa yamejaa ile floraidi.

“Hukujua, babu,” alisema.

Ni kweli, sikujua. Lakini mwaka mmoja kabla yake kulikuwa na mtu aliyetaka kujua, akaja kwangu kwanza kabla ya watu wote, na mwaka huo mzima niliendelea kushuka mjini na mfuko wangu. Hilo sikumjibu kwenye simu. Nilimuuliza kama meno ya mdogo wake yatabadilika. Akasema yaliyokwisha kuota hayabadiliki. Ya nyuma ambayo bado yanaumbika pengine yatatoka na nafuu, lakini hakuna aliyemwahidi.

Mke wangu alibisha siku nyingi. Alisema amekula magadi maisha yake yote na bado anavunja mifupa kwa meno. Siku hizi analoweka maharage tangu jioni, analalamika juu ya kuni, na kopo la magadi amelipeleka zizini, ng’ombe wanalamba. Mfuko wa nyumbani bado naubeba nikishuka mjini. Una maharage, mahindi na maziwa.

Maonyesho yalifanyika kwenye ukumbi wa shule kabla hawajaanza mitihani ya mwisho. Tulikwenda wote. Meza ya mjukuu wangu ilikuwa karibu na mlango, ina vinyago viwili vya kuazima, twiga na mzee wa Kimakonde, na karatasi alizobandika kwenye ubao mweupe. Nilisoma zote, kuanzia juu hadi chini. Zilikuwa safi, zimepangwa, hazina kosa, na hakukuwa na jambo ndani yake ambalo sikuwa nalijua kabla sijasoma. Nilimuuliza swali moja kuhusu bei, akanijibu kama alivyomjibu mzazi mwingine aliyekuwa kabla yangu. Baadaye alama zilipotoka alipata ya katikati.

“Babu, nenda na kule ukasikilize,” aliniambia. “Kuna watu wengi, uwahi nafasi.”

Meza ya mwenzake ilikuwa imezungukwa. Alikuwa na picha za midomo bila sura, na ya kwangu nikaitambua, mstari wa pili. Watu walikuwa wanaangalia kwa makini. Mwanamke mmoja alikuwa amemshika mtoto wake kidevu, anamwangalia meno pale pale. Mwingine alikuwa anauliza kama magadi ya dukani nayo ni hayo hayo. Msichana alieleza vizuri, kwa utaratibu, na alipofika kwenye habari ya nyumba moja ya mjini inayoletewa magadi kutoka kijijini hakutaja jina la mtu.

Mzazi mmoja, mwanamume aliyevaa suti, akamuuliza: “Wewe meno yako meupe kabisa. Mada hii uliipataje?”

“Sikuibuni mimi,” msichana alisema. “Niliikuta imeachwa.”

“Nani aliiacha? Mtu anaachaje kitu kama hiki?”

Msichana alitazama upande wa mlango. Mjukuu wangu alikuwa ameshika twiga, anamweleza mgeni mwingine jinsi vinyago vinavyopakwa rangi ya viatu ili vionekane vya zamani. Kisha msichana akaniona mimi nimesimama nyuma ya watu, akafumba mdomo.

“Niliiacha mimi,” nikamwambia yule bwana. “Mtoto aliichagua mapema, mimi nikamchelewesha.”

Akanitazama kama mtu anayengoja aelezwe zaidi. Nikasogea ili walio nyuma yangu nao waone.